Juu ya Matamko ya Kiingereza, na Jinsi Sikio la Mswahili Linavyoyapokea

Walimu wafundishao Kiingereza katika nchi zetu hukutana na jambo moja mara kwa mara. Mwanafunzi ayajua maneno mengi ya lugha hiyo kwa macho. Huyaandika bila kosa, na akiulizwa maana yake huieleza vema. Lakini maneno yale yale yakisemwa mbele yake na mtu aliyezaliwa katika lugha hiyo, hayatambui. Naye akisema, msikilizaji hukunja uso na kuuliza mara ya pili na ya tatu. Aghalabu lawama huangukia ulimi, ikasemwa ya kuwa mtoto hawezi kutamka herufi fulani. Katika makala haya twataka kuonyesha ya kuwa herufi ni sehemu ndogo ya shida hii. Sehemu iliyo kubwa ni uzito, yaani jinsi Mwingereza anavyoipa silabi moja nguvu na kuzinyima zile zilizo jirani yake.

Jambo hili si la mapambo. Katika Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida hufundishwa kwa Kiswahili, na akiingia shule ya sekondari masomo yake karibu yote huwa kwa Kiingereza. Mtoto asiyetambua kwa sikio maneno anayoyajua kwa macho huonekana mpumbavu darasani, ingawa sivyo alivyo. Na asipoelezwa sababu, huanza kuamini hivyo mwenyewe. Basi yatupasa sisi walimu tujue kwa hakika jinsi sauti za Kiingereza zilivyopangwa, tena tujue jinsi sikio lililolelewa na Kiswahili linavyozipokea.

1. Konsonanti

Na tuanze na yale ambayo mwanafunzi wetu anayo tayari, kwa kuwa ni mengi kuliko walimu wengi wanavyodhani. Kiingereza cha kusini ya Uingereza huhesabiwa kuwa na konsonanti 24, na karibu zote zimo katika Kiswahili. Ile th ya neno "thin" ndiyo ya "thelathini", na ile ya neno "then" ndiyo dh ya "dhahabu". Hapa maandiko yetu yamewashinda Waingereza, kwa kuwa sisi twazitenga sauti hizi mbili kwa herufi, nao huziandika kwa namna moja na kumwachia msomaji kazi ya kukumbuka. Vivyo hivyo ng' ya "ng'ombe" ndiyo sauti ya mwisho ya "sing". Katika "singer" sauti ni ng' tupu, na katika "finger" ni ng ya "nguo". Kiingereza hakionyeshi tofauti hiyo katika kuandika, na Kiswahili huionyesha. Mwalimu anayejua haya hana haja ya maelezo marefu: huandika ng' juu ya neno moja na ng juu ya jingine, na kazi imekwisha.

Mtu wa Mombasa ana mali nyingine tena. Katika matamko ya pwani "paa", yule mnyama wa mwituni, hutolewa kwa pumzi baada ya p, na "paa" la nyumba halina pumzi hiyo. Waingereza nao hutia pumzi katika p, t na k zikianza silabi yenye nguvu, kama katika "pin", na huiondoa zikitanguliwa na s, kama katika "spin". Mwanafunzi asiyeitia pumzi katika "pin" aweza kusikiwa kana kwamba amesema "bin".

Upungufu wetu si mwingi. Sauti iliyo katikati ya neno "measure" haimo katika Kiswahili. Tena watoto ambao lugha zao za nyumbani hazitengi r na l, au hazina th na dh, wana kazi zaidi. Lakini shida inayopita hizo si konsonanti yenyewe bali mahali pake. Silabi ya Kiswahili hupenda kumalizika kwa irabu. Silabi ya Kiingereza yaweza kuanza kwa konsonanti tatu, kama katika "street", na kumalizika kwa nne, kama katika "texts". Hapo ulimi wetu hutafuta pa kupumzika, ukatia irabu katikati au mwishoni: "club" ikawa "kilabu", na "bus" ikawa "basi". Katika Kiswahili hayo ni matengenezo ya haki, kwa kuwa mgeni huvaa nguo za mwenyeji wake. Katika Kiingereza irabu hiyo ya ziada huongeza silabi ambayo msikilizaji hakuitazamia, akapotea.

Konsonanti ya mwisho nayo ina siri yake. Mwingereza akisema "bag" na "back", ile g na ile k hazisikiki sana mwishoni. Tofauti hukaa zaidi katika irabu, ambayo huwa ndefu kidogo mbele ya g na fupi mbele ya k. Ndivyo ilivyo katika "robe" na "rope". Mwalimu anayekazana na konsonanti ya mwisho peke yake huwachosha watoto bure. Na awafundishe kuivuta irabu na kuikata, na konsonanti itafuata.

2. Irabu

Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha kusini ya Uingereza, kwa hesabu iliyozoeleka katika vitabu, kina 20: irabu 12 zilizo moja moja, na 8 za kuunganika, ambazo huanza katika sauti moja na kuishia katika nyingine. Mwenye vikapu vitano akiletewa matunda ya namna ishirini, hana budi kuyachanganya, wala si kwa uvivu. Twaa maneno haya manne: "hat", "hut", "heart" na "hurt". Kwa Mwingereza hayo ni maneno manne yasiyofanana, ya kofia, ya kibanda, ya moyo na ya kuumia. Kwa sikio letu yote yaingia katika kikapu cha a.

Maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kuingia katika Kiswahili ni kioo kizuri cha habari hii. "Shirt" na "skirt" zina irabu moja kwa wenye lugha; kwetu ya kwanza imekuwa "shati" na ya pili "sketi". Irabu ile haikuwa na kikapu chake, ikatupwa mara katika a mara katika e. "Nurse", yenye irabu hiyo hiyo, ikawa "nesi". Mwalimu akiyaandika maneno hayo matatu ubaoni, na pembeni yake akaandika yale ya Kiingereza, wanafunzi wataona wenyewe ya kuwa ipo sauti ambayo Kiswahili hakina, na kuona hivyo ni nusu ya kujifunza.

Juu ya "ship" na "sheep" walimu husema ya kuwa tofauti ni ya ufupi na urefu. Maelezo hayo ni kweli kwa nusu. Irabu ya "sheep" ni ndefu, tena yafanana na i yetu. Irabu ya "ship" ni fupi, lakini ulimi nao umelegea na kushuka kidogo, hata sauti ikawa kati ya i na e ya Kiswahili. Mtoto anayefupisha i tu bila kuulegeza ulimi husema "sheep" fupi, na bado haeleweki. Wala tusidhani ni jambo dogo, kwa kuwa katika "they live here" watu wanakaa, na katika "they leave here" watu wanaondoka.

3. Uzito wa silabi

Sasa twafikia kiini cha maneno yetu. Katika Kiswahili uzito hukaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Twasema "kitabu" kwa kukaza ta, na tukiongeza -ni twasema "kitabuni" kwa kukaza bu: uzito umehama bila neno kubadilika maana. Maneno yanayoivunja kanuni hii ni machache, kama "barabara" likiwa na maana ya sawasawa, ambalo hukazwa mbele zaidi ya "barabara" ya kupitia. Mswahili basi hana haja ya kujifunza uzito wa kila neno. Kanuni moja yamtosha maisha yake yote.

Kiingereza hakina kanuni nyepesi kama hiyo. Uzito ni mali ya neno lenyewe, kama herufi zake. "Record" likikazwa mwanzo ni jina, kumbukumbu iliyoandikwa. Likikazwa mwisho ni tendo la kuandika kumbukumbu. Ndivyo yalivyo "present", "object", "conduct" na mengine mengi. Tena uzito ukihama, irabu nazo hubadilika. Katika "photograph" silabi ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Katika "photography" ni ya pili, na ile ya kwanza hufifia hata isitambulike. Katika "photographic" ni ya tatu. Kwa macho ni neno moja lenye mikia mitatu. Kwa sikio ni kama maneno matatu.

Linganisha sasa na yale tuliyoyapokea. Waingereza hukaza mwanzo wa "hospital" na wa "bicycle". Sisi twasema "hospitali" kwa kukaza ta, na "baiskeli" kwa kukaza ke, kwa kufuata sheria ya nyumbani. Mwanafunzi asiyeonywa huichukua sheria hiyo hadi katika Kiingereza, akakaza silabi ya katikati ya "hospital". Msikilizaji aliyezaliwa katika lugha hiyo hulitafuta neno akilini mwake kwa mlio wa uzito wake, kama mtu anavyomtambua rafiki kwa mwendo kabla ya kuona uso. Uzito ukikosewa, hulikosa neno ingawa kila herufi imetamkwa vema.

4. Sauti hafifu

Mwenye kutoa nguvu mahali pamoja hana budi kuipunguza mahali pengine. Silabi zisizo na uzito katika Kiingereza aghalabu hupoteza irabu yake halisi, zikabaki na sauti moja hafifu. Kinywa hakifunguki sana wala hakifumbi, midomo imetulia, ulimi umelala katikati. Wataalamu huiita shwa, jina lililotolewa katika sarufi ya Kiebrania, na mapadre waliojifunza lugha hiyo watazikumbuka nukta mbili ziwekwazo chini ya herufi. Ndiyo irabu isikikayo mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, nayo haina herufi yake. Mara huandikwa a, kama mwanzo wa "about". Mara er, kama mwisho wa "teacher". Mara o, kama mwisho wa "lemon". Mara u, kama mwisho wa "circus".

Neno "banana" latosha kuwa mfano. Msomaji wa Kiswahili huona a tatu, akazipa zote haki sawa. Mwingereza huipa haki ile ya katikati peke yake. Ya kwanza na ya mwisho huzitupa katika sauti hafifu. Hapa ndipo palipo na tofauti kubwa kati ya lugha zetu mbili. Kiswahili huiheshimu kila silabi, hata ile isiyokazwa. Kiingereza huitukuza moja na kuzidhili nyingine.

Maneno madogo hupata dhiki iliyo kubwa zaidi. "And", "of", "to", "for", "can" na mengineyo yana matamko mawili: moja kamili, likisemwa peke yake au kwa kusisitiza, na jingine hafifu, ambalo ndilo la kila siku. Katika "bread and butter" ile "and" hubaki n tupu. Mtoto aliyefundishwa neno hilo peke yake ubaoni hulingoja likiwa na a na d, nalo limekwisha kupita.

Madhara yake yaweza kuwa makubwa. Mtu akisema "I can come", ile "can" hufifia na uzito huenda juu ya "come". Akisema "I can't come", ile "can't" husimama kwa nguvu, na t yake aghalabu haisikiki mbele ya konsonanti ifuatayo. Katika kusini ya Uingereza irabu ndefu huitenga; katika sehemu kubwa ya Marekani irabu ni ile ile, hivyo uzito ndio utoao habari. Basi mwanafunzi wetu aikazaye "can" kwa nia njema ili aeleweke, aweza kusikiwa na Mmarekani kuwa amekataa. Fikiri jambo hili likitokea katika hospitali, au mahali pa kuomba kazi.

Tena Waingereza huunganisha neno na neno katika kusema, hata mpaka wake ukapotea. "An apple" husikika kana kwamba n ni ya tufaha. Wala si watoto wetu peke yao wanaodanganyika. Neno "apron", nguo ya kufunga mbele ya mpishi, zamani lilikuwa "napron". Waingereza wenyewe walisikia "a napron", wakadhani ni "an apron", na kosa likawa lugha. Mtu wa pwani asicheke, kwa kuwa ndivyo tulivyofanya sisi kwa "kitabu". Neno ni la Kiarabu, na ki yake ni sehemu ya shina. Sisi tuliisikia kuwa ki ya "kiti" na "kisu", tukafanya "vitabu".

5. Mwendo wa sentensi

Sikiliza sentensi hizi tatu: "Boys bring wood", "The boys are bringing the wood", "The boys have been bringing the firewood". Silabi zimeongezeka kutoka tatu hata tisa, lakini mapigo makubwa yamebaki matatu, juu ya "boys", "bring" na "wood" au "fire". Zile za katikati husongwa zipate kupita. Mwaka 1945 mtaalamu wa Marekani Kenneth Pike alizitenga lugha za namna mbili: zile ambazo mapigo ya uzito huonekana kufuatana kwa nafasi sawa, kama Kiingereza, na zile ambazo silabi ndizo zifuatanazo kwa nafasi sawa. Vipimo vilivyofanywa baadaye kwa mitambo vimeonyesha ya kuwa nafasi hizo si sawa kama sikio linavyodhani. Hata hivyo jambo lenyewe lasimama: silabi zisizo na uzito katika Kiingereza hufupizwa na kufifizwa kwa kiasi ambacho Kiswahili hakijui.

Uzito una kazi nyingine katika sentensi, na hapa Kiswahili chatusaidia kueleza. Mwingereza akisema "Peter brought the lamp" na kumkaza Petro, maana yake ni "Petro ndiye aliyeleta taa." Akiikaza taa, maana ni "Taa ndiyo aliyoileta Petro." Akilikaza tendo, ni kama sisi kusema "Kuleta, aliileta." Yale tuyafanyayo kwa "ndiye" na "ndiyo", na kwa kugeuza mpango wa maneno, wao huyafanya kwa sauti tu, na maneno hayaondoki mahali pake. Mwanafunzi akifahamu ya kuwa uzito wa Kiingereza ni "ndiye" isiyoandikwa, ameelewa jambo ambalo wengi hulikosa kwa miaka mingi.

6. Viishio vya -s na -ed

Viishio hivi viwili vyastahili somo lake, kwa kuwa kanuni yake ni nyepesi na maandiko huificha. Kiishio -s hutamkwa s baada ya sauti isiyotikisa koo, kama "cats". Hutamkwa z baada ya sauti itikisayo koo, kama "dogs". Na baada ya sauti za namna ya s, z, sh, ch na j hupewa irabu yake, kama "horses". Kiishio -ed hufuata njia hiyo hiyo: t katika "looked", d katika "begged", na silabi nzima baada ya t au d, kama "wanted". Mwanafunzi na aweke vidole kooni, aseme s ndefu kisha z ndefu; atausikia mtikiso mara moja. Mtoto asiyeambiwa kanuni hii husema "looked" kwa silabi mbili, kama macho yanavyomwonyesha, na kosa ni la maandiko kuliko lake.

7. Kwa nini maandiko hayafuati matamko

Wanafunzi huuliza mbona Waingereza huandika hivi na kusema vile, nao wana haki ya kujibiwa. Zamani walisema karibu kama walivyoandika. Ile a ya "name" ilikuwa a ndefu kama yetu, na e ya mwisho ilisikika. I ya "time" ilikuwa i ndefu. K na gh za "knight" zilitamkwa. Kisha, kuanzia karne ya 15 hivi na kwa muda wa karne mbili tatu, irabu ndefu zilihama mahali pake moja baada ya nyingine: a ikasogea mpaka ikawa ei, e ikapanda ikawa i, na i ikavunjika ikawa ai. Mtaalamu wa Denmark, Otto Jespersen, aliuita mwendo huo Uhamo Mkuu wa Irabu. Huku nyuma William Caxton alikuwa amekwisha kuanza kupiga chapa huko Westminster mwaka 1476, na tahajia ikaanza kukazwa na wapiga chapa wakati sauti zingali zikihama. Ndiyo sababu maandiko ya Kiingereza ni kama nyumba iliyobaki na jina la mwenyeji aliyekwisha kuhama.

Kwa hiyo mtoto wetu asomaye "name" kwa silabi mbili, na, me, hasomi kwa ujinga. Husoma karibu kama Waingereza walivyosema kabla ya mwaka 1400. Sisi ndio tuliobaki na irabu za zamani. Mtoto akiambiwa hivi, badala ya kuona haya huona ajabu, na ajabu hufundisha kuliko haya.

8. Kiingereza cha nani?

Yafaa tuseme pia ya kuwa hakuna tamko moja la Kiingereza lililo sheria kwa wote. Katika Scotland, Ireland na sehemu kubwa ya Marekani r ya "car" husikika; katika kusini ya Uingereza haisikiki. Daniel Jones wa London, aliyetoa kamusi yake ya matamko mwaka 1917, aliandika matamko ya watu wa kusini waliosoma katika shule fulani za bweni, lakini alisema wazi ya kuwa nia yake ni kuandika yanayosemwa, wala si kuwaamuru watu wote wasemao Kiingereza wafuate njia moja.

Tena Kiingereza siku hizi husemwa mara nyingi kati ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa nacho. Mwaka 2000 Jennifer Jenkins wa Uingereza alitoa kitabu juu ya habari hiyo. Alionyesha ya kuwa kuikosa th ni mara chache kuzuia maana. Yanayozuia zaidi ni kuukosa urefu wa irabu, kuvunja konsonanti zilizoungana mwanzoni mwa neno, na kuweka uzito mkuu wa sentensi mahali pasipo pake. Maneno madogo yaliyofifia hakuyahesabu kuwa ya lazima kwa msemaji, wala uzito wa neno moja moja.

Katika hayo twakubaliana naye kwa sehemu kubwa, na kwa sehemu moja twatofautiana. Twakubali ya kuwa mwanafunzi aisemaye "and" kwa ukamilifu hamdhuru mtu, na huenda Mhindi au Mchina akamwelewa vizuri zaidi. Lakini sikio lake sharti lizoee "and" iliyofifia, la sivyo hatafahamu anayoambiwa. Na juu ya uzito wa neno twasema hivi: uzito mkuu wa sentensi huangukia silabi yenye nguvu ya neno fulani, asiyejua silabi hiyo ni ipi hawezi kuuweka uzito wa sentensi mahali pake, hata akijua ni neno gani alitakalo.

9. Utaratibu tunaowashauri walimu

Kwanza, neno jipya la Kiingereza lisiandikwe ubaoni bila alama juu ya silabi yake yenye nguvu, na watoto walipige kwa makofi, kofi kubwa kwa silabi hiyo na kofi dogo kwa nyingine. Alama hiyo na ihesabiwe kuwa sehemu ya tahajia. Mtoto aliyeisahau ahesabiwe kuwa amesahau herufi.

Pili, imla iwe ya sentensi nzima zilizosemwa kwa mwendo wa kawaida. Mwalimu asiyatamke maneno moja moja kwa huruma, maana huruma hiyo huwanyima watoto kile hasa wanachokihitaji. Na arudie sentensi mara nyingi apendavyo, ila asiivunje. Watoto waandike kwanza maneno yenye nguvu, kisha wayatafute madogo yaliyojificha katikati.

Tatu, jozi za irabu kama "hat" na "hut", "live" na "leave", zifundishwe kwa kusikia kabla ya kusema. Mwalimu aseme neno moja, watoto waonyeshe kwa kidole ni lipi. Sikio lisilotenga haliwezi kuuongoza ulimi.

Nne, viishio vya -s na -ed vipewe juma moja, na ubaoni paandikwe s, z, t na d juu ya mikia ya maneno mpaka mazoea yajengeke.

Tano na mwisho, th na sauti nyingine zilizo ngumu kwa watoto wa bara zifundishwe kwa upole na baadaye, wala mtoto asichekwe wala kuadhibiwa kwa ajili yake. Ulimi wake haukukosa kitu. Umelelewa na lugha inayoipa kila silabi haki yake. Anachohitaji ni kuonyeshwa ya kuwa Kiingereza hugawanya haki hiyo kwa namna nyingine, na kupewa muda wa kuizoea. Atakayeanza na uzito ataona ya kuwa herufi nyingi zilizomsumbua zimejinyosha zenyewe.